Nakala Inayodhuru Kabla ya Kusomwa



Nimeombwa nizungumzie magonjwa ya kurithi. Mada ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimechagua kundi dogo: magonjwa yanayochakaza misuli au ubongo polepole kwa sababu ya RNA yenye herufi zinazojirudia kupita kiasi. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kundi hili linavuruga yale tuliyofundishwa darasani kuhusu namna jeni inavyomletea mtu ugonjwa. Sababu ya pili inahusu Afrika, nami nitaifikia.

Hebu tuanze na ugonjwa ambao sina haja ya kuueleza sana hapa kwetu, yaani selimundu. Katika jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya hemoglobini, mahali palipokuwa na herufi A pamekuwa na T. Herufi moja. Protini inayotoka ina kasoro, chembe nyekundu ya damu inajikunja, inaziba mishipa midogo, mtoto analia kwa maumivu ya viungo usiku kucha. Njia nzima inaeleweka: DNA hunakiliwa kuwa RNA, RNA husomwa, protini hutengenezwa. DNA ikiwa na kosa, protini inakuwa na kosa, na protini ndiyo inayomwumiza mtu. Katika mlolongo huo RNA haikushukiwa na yeyote. Ilikuwa inapita tu kutoka kwenye kiini cha seli kwenda inakosomwa.

Ugonjwa ulioiweka RNA kizimbani ulielezwa mwaka 1909, mwaka mmoja, na watu tofauti: Hans Steinert huko Leipzig, Ujerumani, na Batten na Gibb huko London. Wataalamu huuita distrofia ya miotonia. Mimi nitauita ugonjwa wa Steinert, kama wanavyouita Wafaransa, maana ulimi hauchoki.

Mtu mwenye ugonjwa huu akikusalimia kwa mkono, mtashikana vizuri, mtatikisana, halafu utataka kuuvuta mkono wako na wake haufunguki. Si kwamba amekung'ang'ania. Yeye amekwisha kuamua kuachia, ila misuli haijatii. Sekunde kadhaa zinapita, vidole vinafunguka kimoja kimoja kwa shida. Ajabu ni kwamba ukimwomba afumbe na kufumbua kiganja mara kadhaa, kila mara anaachia upesi kuliko mara iliyotangulia, kwa kuwa misuli yake hulegea ikishachangamka. Kugoma huko kwa misuli kulegea ndiko kunakoitwa miotonia. Daktari akigonga kwa kinyundo cha mpira ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba, kidole kinavutika kuelekea katikati ya kiganja na kubaki hapo, kisha kinarudi taratibu. Akichoma sindano ya kupima umeme wa misuli na kuunganisha kipaza sauti, anasikia mlio unaopanda na kushuka; vitabu vya tiba huufananisha na mlio wa ndege ya kivita inayopiga mbizi.

Kama ingekuwa ni mikono tu, tungesema ni adha ndogo. Lakini ugonjwa huu unatembea mwili mzima. Misuli ya uso, shingo, mikono na miguu inakonda na kupoteza nguvu. Uso unakuwa mrefu na mwembamba, kope zinaning'inia. Wanaume huota upara wa mbele mapema. Mtoto wa jicho anaingia kwa mtu ambaye hajafika hata miaka 50. Mwili hauitii insulini ipasavyo. Usingizi mzito humchukua mtu mchana kweupe akiwa kazini, na mwajiri anamwita mvivu. Na moyo, hili ndilo la hatari zaidi, unapoteza mpangilio wa umeme wake, hata mgonjwa aliyekuwa akitembea asubuhi aweza kufa ghafla jioni. Jicho, moyo, ubongo, misuli: ni jeni gani hiyo moja iwezayo kufika kote huko? Shikeni swali hilo.

Nieleze na jambo moja ambalo madaktari wa watoto wanalijua. Mtoto anazaliwa mlegevu kama kitambaa, hawezi kunyonya, hapumui sawasawa, nyayo zimepinda. Hakuna anayejua ana nini. Daktari mwenye uzoefu huenda kitandani kwa mama na kumpa mkono. Mara nyingi mama hajawahi kujiona mgonjwa. Labda amezoea kwamba kifuniko cha chupa kikishikwa hakiachiliki haraka. Ugonjwa wa mtoto unagunduliwa kwenye kiganja cha mamaye.

Hapo ndipo penye fumbo la kwanza. Bruno Fleischer, daktari wa macho wa Tübingen, mwaka 1918 alifuatilia koo za wagonjwa wa Steinert kurudi nyuma. Kwa mababu alikuta watu waliokuwa na mtoto wa jicho tu, uzeeni, wala hawakujua habari ya misuli. Katika vizazi vilivyofuata ugonjwa ulianza mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Ukoo uleule, ugonjwa uleule, ila kila kizazi kilikopa miaka kutoka kwa kilichofuata.

Wanasayansi wengi hawakupenda habari hiyo. Sheria za Mendel hazina nafasi ya jeni inayozidi kuwa mbaya kadiri inavyorithiwa. Mwaka 1948 Lionel Penrose, mtaalamu mkubwa wa urithi wa University College London, aliandika makala iliyoonekana kulimaliza suala. Alisema ni jinsi tunavyokusanya wagonjwa inayotudanganya: mtu aliyeugua vibaya utotoni hapati watoto, kwa hiyo mzazi tunayemkuta ni lazima awe aliugua kidogo na kwa kuchelewa, na mtoto tunayemwona hospitalini ndiye aliyeugua mapema, la sivyo tusingemwona. Hoja nzuri, ya kitakwimu, iliyopangwa barabara. Na haikuwa kweli. Kwa miaka 44 wauguzi na akina mama walioapa kwamba ugonjwa unazidi kizazi kwa kizazi waliambiwa macho yao yanawahadaa. Nawaomba wanafunzi wa tiba mliomo humu mlizingatie hilo.

Mwaka 1992 makundi kadhaa ya watafiti wa Ulaya na Amerika Kaskazini yalifika mahali pamoja, kwenye kromosomu ya 19, katika jeni iitwayo DMPK. Pale waliona herufi tatu, CTG, zikijirudia: CTGCTGCTG. Kila mmoja wetu aliyemo humu anazo. Mtu mzima wa afya ana marudio 5 hadi 34. Yakifika 50, ugonjwa unaanza, pengine kwa mtoto wa jicho tu. Yakiwa mamia, ndio ugonjwa wa ukubwani tuliouona. Yakizidi 1,000 mara nyingi ni yule mtoto mlegevu. Na kamba hiyo ya herufi haitulii: inaporithiwa huelekea kurefuka, na kurefuka kukubwa kabisa kwa kawaida hupitia kwa mama. Isitoshe, inaendelea kurefuka ndani ya mwili wa mtu mmoja kadiri anavyozeeka, hasa kwenye misuli, kwa sababu mitambo ya seli inayorekebisha makosa ya DNA hukosea inapokuta marudio hayo na badala ya kuyapunguza inayaongeza. Fleischer alikuwa sahihi.

Mahali panapoonyesha vizuri safari ya kamba hiyo ni bonde la Saguenay na Lac-Saint-Jean, jimbo la Québec, Kanada. Duniani kwa miaka mingi ilikadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 8,000 ana ugonjwa wa Steinert. Kule Saguenay ni mtu 1 kati ya 500 hadi 650. Walowezi walianza kuhamia bondeni mwaka 1838 kutoka eneo jirani la Charlevoix, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakazaa sana, na nasaba za wagonjwa zinarudi hadi kwa mume na mke mmoja waliovuka bahari kutoka Ufaransa katika karne ya 17. Jonquière, katika bonde hilo, kuna kliniki ya magonjwa haya, na sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu maisha ya wagonjwa miaka 10 au 20 baada ya kupimwa imetoka huko. Nami nisiache kusema kwamba ile hesabu ya 1 kati ya 8,000 nayo imetikisika. Watafiti walipopima matone ya damu ya watoto wachanga zaidi ya 50,000 wa jimbo la New York, matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha mtoto 1 kati ya 2,100 ana marudio 50 au zaidi. Wengi wanaishi na jambo hili bila kulijua.

Basi tufike kwenye fumbo la pili, ambalo ndilo moyo wa mazungumzo yetu. Marudio yale ya CTG yako wapi ndani ya jeni? Yako mwishoni, katika ukanda unaonakiliwa kuwa RNA lakini hausomwi kuwa protini. Kwa lugha nyingine, protini ya DMPK ya mgonjwa ni sawa kabisa na ya kwangu. Hakuna herufi hata moja ya protini iliyobadilika. Katika selimundu tunaonyesha kidole mahali protini ilipoharibika. Hapa hakuna pa kuonyesha.

Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba marudio yanaizuia jeni, kwa hiyo protini inapungua. Watafiti wakatengeneza panya wasio na jeni ya DMPK kabisa. Panya hao walipata udhaifu kidogo wa misuli wakizeeka, na kasoro za umeme wa moyo, lakini miotonia na mtoto wa jicho havikutokea kama kwa binadamu. Tena, katika wagonjwa wote waliopimwa duniani, hajajitokeza mtu aliyepata ugonjwa wa Steinert kwa sababu DMPK yake imevunjika kwa njia nyingine. Kila mmoja ana marudio. Hilo peke yake lingetosha kuwatia watu shaka.

Mwaka 1995 Krishan Taneja, Robert Singer na wenzao walitumia alama inayong'aa kuitafuta RNA yenye marudio ndani ya seli za wagonjwa. RNA ya kawaida hutoka kwenye kiini kwenda kusomwa. Hii haikutoka. Waliiona imejikusanya ndani ya kiini kwa vidoa vidogo vinavyong'aa, ambavyo seli za watu wazima wa afya hazikuwa navyo. Marudio ya CTG yakinakiliwa huwa CUG, na kamba ndefu ya CUG hujikunja yenyewe juu yake yenyewe, C ikishikana na G, ikawa pini ngumu isiyofunguka kirahisi. Baadaye, mwaka 2017, Ankur Jain na Ronald Vale walionyesha kwamba RNA za namna hii, hata zikiwekwa zenyewe kwenye chupa ya maabara, hunatana zikawa utepetepe marudio yakipita kiwango fulani, na kiwango hicho kinakaribiana na kile kinacholeta magonjwa.

Lakini kidoa kilichoonekana kwa hadubini si lazima kiwe ndicho mkosaji. Huenda kipo pale tu. Majaribio mawili yaliondoa shaka, nami nayaona kuwa miongoni mwa mazuri kabisa katika biolojia ya siku hizi.

La kwanza lilifanywa Rochester, New York, katika maabara ya Charles Thornton, na kuchapishwa mwaka 2000. Walichukua jeni ya protini ya misuli iitwayo aktini, isiyohusiana kwa lolote na DMPK, wakatia marudio 250 ya CTG kwenye ule ukanda wake usiosomwa, wakaipandikiza kwa panya. Panya wakapata miotonia. DMPK yao ilikuwa nzima. Jeni zao nyingine zote zilikuwa nzima. Kilichoongezwa ni RNA yenye CUG tu.

La pili halikufanywa na mtu, lilifanywa na maumbile. Kulikuwa na koo zilizokuwa na ugonjwa unaofanana sana na wa Steinert, miotonia, mtoto wa jicho la mapema, moyo na yote, lakini kipimo cha DMPK kikirudi hakina kitu. Mwaka 2001 Christina Liquori, Laura Ranum na wenzao wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipata chanzo kwenye kromosomu ya 3, katika jeni nyingine kabisa yenye kazi nyingine kabisa. Pale kulikuwa na CCTG, herufi nne, zikijirudia wastani wa mara 5,000 na pengine hadi 11,000, tena katika kipande cha RNA kinachokatwa na kutupwa kabla ya kusomwa. Jeni mbili zisizojuana zinaleta ugonjwa unaokaribia kuwa mmoja. Kinachozifungamanisha ni RNA yenye marudio peke yake.

Sasa, RNA hiyo inadhuru vipi? Ndani ya kiini, RNA mpya haiwi tayari kusomwa mpaka ikatwe vipande visivyotakiwa na vinavyotakiwa viungwe. Kazi hiyo inasimamiwa na protini kadhaa, mojawapo ikiitwa muscleblind. Iligunduliwa kwanza kwa nzi wadogo wa matunda: nzi asiye nayo, misuli na macho yake hayakomai. Mwaka 2000 maabara ya Maurice Swanson ilionyesha kwamba muscleblind za binadamu hushikamana na CUG kwa nguvu, na kadiri marudio yanavyokuwa mengi ndivyo zinavyoshikamana kwa wingi. Fikirini mtaa wenye mafundi cherehani wachache. Anaingia mteja mmoja na jora la kitambaa lisilo na mwisho, anawashika mafundi wote, kila mmoja amekalia kipande chake cha jora hilohilo. Sare za shule hazishonwi, mashuka hayashonwi, si kwa sababu mafundi wamekufa wala hawajui kazi. Wapo, ila wameshikwa.

Kinachofuata kinashangaza. Muscleblind ndiyo inayosimamia kuhama kutoka mtindo wa kukata RNA wa mtoto aliye tumboni kwenda mtindo wa mtu mzima. Ikishikwa, misuli ya mtu wa miaka 40 huanza kutengeneza protini za kijusi. Mlango wa kloridi kwenye misuli, ule unaotuliza umeme ili misuli ilegee, unakatwa kwa mtindo wa kijusi, RNA yake inapata alama ya kusimama katikati na kuharibiwa. Mlango unakosekana, na mkono hauachii. Kipokeo cha insulini kinatoka katika umbo la kijusi, lisiloitikia insulini vizuri. Mlango wa sodiamu wa moyo nao hivyohivyo, na umeme wa moyo unayumba. Lile swali nililowaomba mlishike, jeni gani iwezayo kufika jicho, moyo na misuli, jibu lake ndilo hili: si jeni moja. Ni RNA moja inayozivuruga nakala za jeni nyingi. Mwaka 2003 panya walioondolewa muscleblind tu, bila CUG yoyote, walipata miotonia na mtoto wa jicho.

Kwa ugonjwa wa Steinert, basi, mimi sina shaka tena. Kwa magonjwa mengine ya jamii hii nina tahadhari, na ningependa nanyi muwe nayo, maana siku hizi kila penye marudio mtu hukimbilia kusema RNA ni sumu. Chukueni jeni ya C9orf72. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yaligundua ndani yake marudio ya GGGGCC, mamia au maelfu, kwa watu wenye ugonjwa wa kufa kwa neva za misuli na kwa wenye ugonjwa wa kupoteza akili unaochakaza sehemu ya mbele ya ubongo. Vidoa vya RNA vipo. Lakini mwaka huohuo Ranum na wenzake walionyesha kwamba RNA yenye marudio yaweza kusomwa hata pasipo alama ya kuanzia, ikatoa vijiprotini ambavyo navyo ni sumu. Basi anayeua ni RNA, ni vijiprotini hivyo, au ni jeni yenyewe kupungua? Dawa iliyolenga kuiharibu RNA hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa, na mwaka 2022 jaribio likasimamishwa kwa kuwa halikuwasaidia. Kidoa kinachong'aa ni ushahidi, si hukumu.

Nije Afrika. Ugonjwa wa Steinert ni adimu sana kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara. Karibu wagonjwa wote wa Ulaya na Asia wana DNA inayofanana kandokando ya marudio, dalili kwamba kamba iliyoanza kurefuka ilirefuka kwa watu waliokwisha kutoka Afrika. Ukoo mmoja wa Nigeria, Wayoruba, ulioripotiwa miaka ya 1990 ulikuwa na alama tofauti: kwao marudio yalirefuka kivyao.

Lakini CUG ina ugonjwa wake mwingine, na huu ni wetu. Mnaujua, angalau kwa jina, ugonjwa wa Huntington. Mtu wa makamo anaanza kutupa mikono na miguu bila kukusudia, anakonda, tabia inabadilika, kumbukumbu inaondoka, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Akipita barabarani watu husema kalewa. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1993, nayo kipimo chake kikaenea. Ila kulikuwa na wagonjwa wenye dalili zote ambao kipimo kiliwarudisha mikono mitupu. Mwaka 2001 Russell Margolis na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walipata chanzo cha ugonjwa wa ukoo mmoja wa Wamarekani weusi: marudio ya CTG katika jeni ya JPH3, kromosomu ya 16. Ugonjwa ukapewa jina la HDL2, yaani wa pili unaofanana na Huntington. Marudio yakizidi 40, mtu anaugua. Na karibu kila aliyekutwa nao tangu hapo, iwe Marekani, Karibi au Brazil, nasaba yake inarudi Afrika. Huko Johannesburg, Amanda Krause na wenzake wameonyesha kwamba kwa Waafrika Kusini weusi wenye dalili za Huntington, HDL2 ni sehemu kubwa ya wagonjwa.

Mwaka 2007 vidoa vya CUG vilionekana kwenye ubongo wa waliokufa kwa HDL2, na muscleblind imo ndani yake. CUG ileile, protini ileile imeshikwa. Mbona wagonjwa hawa mikono yao haigandi? Kwa sababu JPH3 hufanya kazi hasa kwenye ubongo, na palipo na nakala ndipo penye madhara. Hapa pia narudia tahadhari yangu: kuna ushahidi kwamba kupungua kwa protini ya JPH3 na protini inayotoka upande wa pili wa DNA navyo vina mkono. RNA ni mshitakiwa mmojawapo.

Litazameni jina lenyewe. Ugonjwa wa Waafrika umeitwa kwa kufanana na ule ulioelezwa na daktari wa Long Island mwaka 1872. Silalamiki, kipimo huanzia palipo na maabara, na jina hufuata kipimo. Tatizo langu ni la vitendo. Daktari anayefuata kitabu atapima Huntington, atapata jibu la hapana, na atauambia ukoo mzima kwamba si ugonjwa wa kurithi. Watoto watazaliwa kwa kulitegemea neno hilo.

Kuhusu dawa nitasema machache, kwa kuwa ahadi ni nyingi kuliko matokeo. Meksiletini, dawa ya zamani ya mapigo ya moyo, hufanya mkono uachie haraka, na jaribio la mwaka 2010 lilithibitisha hivyo. Lakini haiondoi chanzo, na kwa mwenye umeme mbovu wa moyo ni lazima itolewe kwa uangalifu. Kwa upande wa chanzo, mwaka 2012 Thurman Wheeler, Thornton na wenzao waliwapa panya kipande kifupi kilichotengenezwa kuikamata RNA yenye CUG na kuifanya ikatwe na kimeng'enya cha seli yenyewe. Miotonia ilipungua, na nafuu ikadumu hadi mwaka mmoja baada ya sindano kusimamishwa. Kwa binadamu, dawa ya kwanza ya aina hiyo haikuingia kwenye misuli kwa kiasi cha kutosha. Sasa watafiti wanaifunga kwenye kingamwili inayopitia mlango ambao misuli hutumia kuingiza chuma, na majaribio kwa wagonjwa yanaendelea. Mimi nina matumaini, lakini baada ya habari ya C9orf72 ya mwaka 2022 nasubiri namba.

Kuna kazi ambayo haisubiri dawa. Mgonjwa wa Steinert anaweza kufa mezani kwa upasuaji mdogo, kwa sababu mwili wake huathirika kupita kiasi na dawa za usingizi na za maumivu, na baadhi ya dawa za kulegeza misuli humkakamaza badala ya kumlegeza. Mtu akikuambia mkono wake hauachii, liandike jambo hilo kwa herufi kubwa kwenye faili lake kabla hajapewa nusu kaputi. Mpime umeme wa moyo kila mwaka hata kama hana malalamiko. Wengine huokolewa na kifaa cha kudhibiti mapigo. Uliza babu na bibi walifanyiwa upasuaji wa macho wakiwa na umri gani. Wala usimpime mtoto wa mgonjwa asiye na dalili pasipo kuzungumza naye kwanza kwa kina. Kujua unabeba ugonjwa usio na dawa ni mzigo wa maisha, na mtu ana haki ya kutotaka kujua.

Na wewe muuguzi au daktari utakayekutana na Mwafrika anayetupa mikono na miguu, mwenye mzazi aliyeugua vivyo hivyo, na karatasi inayosema hana Huntington: usimfungie faili. Afrika Kusini HDL2 hupimwa kwa damu kidogo tu, sampuli ileile iliyotumika kupima Huntington. Kinachotakiwa ni wewe kuandika JPH3 kwenye fomu.